Uzi: Makaa ya mawe yakichimbwa chini ya nyumba ya baba mkwe, itatitia kiasi gani?

Fundi wa Barani (Malindi), Ijumaa saa 3:10 usiku

Wadau, asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa mawe hapa Malindi, mwaka wa kumi na saba huu nashika mwiko. Nimeoa Kitui, upande wa Mwingi, na baba mkwe ana shamba karibu na bonde la Mui, lile la makaa ya mawe lililogawanywa vitalu vinne, A hadi D. Miaka nenda miaka rudi wanaambiwa wachimbaji waja, na hawaji. Juzi kwenye matanga mzee akanivuta kando, akaniuliza: "Wewe mkwe wangu ni fundi. Hawa watu wakipita chini ya nyumba yangu kama fuko, nyumba itashuka au haishuki? Na ikishuka, kiasi gani?"

Nikanyamaza. Mtu aliyekupa binti yake humjibu kwa kubahatisha. Ninachokijua mimi ni cha hapa hapa: jirani alichimba shimo la choo futi ishirini na tano, hatua nne kutoka ukutani kwangu, mvua za Mei zikashuka, ukuta ukafunguka ufa wa kuingia kidole cha shahada. Lakini hilo ni shimo la choo. Mgodi wa mita mia mbili chini je? Kuna hesabu yake, au ni kumwachia Mungu?

Kaskazi Njema (Lamu), saa 3:22

Kwani makaa hatujayakataa? Ile mitambo ya umeme wa makaa pale Kwasasi, hapa Lamu, leseni yake ilifutwa Juni 2019 na baraza la rufaa za mazingira. Mwafufua nini?

Fundi wa Barani, saa 3:31

Kaskazi, ile ilikuwa habari ya kuyachoma. Mimi nauliza kuyachimba. Na mpango wenyewe ulikuwa waanze na makaa ya Afrika Kusini, kisha wachukue ya Mui. Moshi ungekuwa wenu, shimo la baba mkwe.

Mzee wa Marafa, saa 3:40

Mwataka hesabu za nini? Njooni Marafa muone lile korongo la Nyari. Mji mzima ulizama usiku mmoja kwa sababu wenyewe walikuwa wakioga maziwa. Mzee wako akiwa haogi maziwa alale.

Mpima wa Mkunguni (Amu), saa 4:26

Mzee wa Marafa, Nyari ni kazi ya mvua. Maji yanakula mchanga kutoka juu kwenda chini, na bado yanakula. Hapa tunazungumza kitu kinachoanzia chini kupanda juu. Lakini maziwa tuyaheshimu.

Fundi, hongera kwa kunyamaza, wengi wangemjibu mzee papo hapo. Mimi nilipima migodi ya makaa Mpumalanga, Afrika Kusini, miaka sita, kabla sijarudi Amu kupatanisha watu na mipaka ya viwanja vyao. Hesabu ipo, na si ya jana. Ila kabla ya hesabu, baba mkwe awaulize wachimbaji neno moja: mtachimba kwa ukuta mrefu, au kwa vyumba na nguzo? Maana jibu la swali lake linabadilika hapo.

Tuanze na ukuta mrefu. Wanatenga paneli moja kubwa, upana wake mita mia mbili au mia tatu, urefu kilomita na zaidi. Mashine inayanyoa makaa kutoka upande huu hadi ule kama muuza halua anavyokwangua sinia, na juu yake kuna nguzo za chuma zinazojisogeza mbele kila mkato ukiisha. Nyuma hawaachi kitu. Paa linaachwa liporomoke, kwa makusudi. Mwamba ukivunjika vipande vyake havirudi kupangana kama awali, vinachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo ule uwazi wa chini haufiki wote juu. Kiasi kinamezwa njiani.

Kinachofika juu ndicho kinachohesabiwa. Mnakijua kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze? Kalia katikati. Bonde unalolifanya ni pana kuliko wewe, na kamba za pembeni zinavutika na hali hujazikalia. Paneli ni wewe uliyekaa, ardhi ni zile kamba.

Waingereza walipima mabonde hayo juu ya migodi yao chungu nzima, na shirika lao la taifa, National Coal Board, likatoa kitabu cha mwongozo mwaka 1966, kikarekebishwa 1975. Kwao paneli ikiwa pana vya kutosha, ardhi hushuka hadi asilimia 90 ya unene wa makaa yaliyotolewa. Pana vya kutosha ni mara 1.4 ya kina. Na bonde huenea nje ya ukingo wa paneli kwa pembe ya nyuzi 35 kutoka wima.

Tutie namba za mfano, si za Mui: makaa unene mita 2, kina mita 200, paneli upana mita 300. Mia tatu kwa mia mbili ni 1.5, tumeshapita 1.4. Basi 2 mara 0.9, ardhi ya katikati inashuka mita 1.8. Kimo cha mtu mzima. Na kuenea nje: 200 mara 0.7, mita 140 kila upande. Kwa hiyo jirani ambaye chini yake hakuguswa hata kidonge cha makaa, nyumba yake ikiwa mita mia kutoka ukingo, naye yumo.

Fundi wa Barani, saa 4:41

Mita moja na themanini! Nyumba gani itasimama hapo?

Mpima wa Mkunguni, saa 5:02

Hapo ndipo watu wote hukosea, na mimi nilikosea mwaka wa kwanza. Kushuka peke yake hakuvunji nyumba. Jahazi hushuka na maji yakitoka na halipasuki. Linapasuka likikaliwa na mwamba upande mmoja.

Nyumba iliyo katikati ya paneli pana inashuka mita 1.8 na mwishowe inaweza kukaa sawa, timazi inaning'inia pale pale. Nyumba iliyo ukingoni inashuka nusu mita tu, na ndiyo inayogawanyika. Ukingoni ardhi inapinda. Upande wa nje wa mpindo unavutwa, upande wa ndani unabanwa. Ukuta wa mawe ukibanwa huvumilia kiasi, ukivutwa hauna subira.

Niwape nilichokiona kwa macho. Kulikuwa na uzio wa waya wa mfugaji mmoja, umekatiza juu ya paneli yetu, waya tano za miiba. Kazi yangu ilikuwa kupima vigingi kando ya uzio huo kila Jumatatu. Makaa yalipokaribia kwa chini, waya zilikaza mpaka ukizigonga kwa kalamu zinalia kama nyuzi za udi, na mmoja ukakatika mbele yangu. Wiki chache baadaye uchimbaji umeshapita, waya zile zile zikalegea, zikabembea, ng'ombe wakaanza kutoka. Ardhi ile ile ilivutwa kwanza, kisha ikabanwa. Ni wimbi linalotembea na mashine. Nyumba ya katikati nayo lazima ilipande wimbi hilo kabla haijatulia, kwa hiyo nisimpe mtu matumaini ya bure kwamba katikati ni salama. Nasema tu ukingoni ni kubaya zaidi, kwa sababu pale wimbi limesimama halipiti.

Fundi wa Barani, saa 5:09

Sasa nimeanza kuelewa. Huo mvuto una namba?

Mpima wa Mkunguni, saa 5:30

Unayo. Chukua kushuka, gawa kwa kina: 1.8 kwa 200 ni milimita 9 kwa kila mita. Waingereza huzidisha na 0.65 kupata mvuto mkubwa kabisa: karibu milimita 6 kwa mita. Nyumba ya baba mkwe ina urefu gani? Tuseme mita 12. Inavutwa milimita 70 jumla. Wao wana ngazi zao za madhara: chini ya milimita 30 huoni kitu cha maana, kati ya 60 na 120 nyufa zinaonekana hata kwa mgeni na milango inakataa, ukipita 180 hiyo tena si nyumba ya kukarabati.

Sasa fanya nyumba hiyo iwe ya mita 30, mathalan madarasa matatu yaliyoungana. Milimita 175. Fundi yule yule, saruji ile ile, na ardhi ile ile.

Fundi wa Barani, saa 5:34

Kwa hiyo nyumba ndefu ndiyo huumia!! Wallahi miaka kumi na saba najenga, hilo sijaambiwa. Mimi najua nyumba ndefu ni ya mwenye pesa.

Mpima wa Mkunguni, saa 5:40

Ndefu na iliyoshikana. Ndiyo maana kwenye maeneo ya migodi jengo refu hukatwa vipande vifupi, kila kipande na msingi wake, na mwanya katikati unaofunikwa kwa kitu laini.

Nikipita Mkomani, mtaa wa kale hapa Amu, huwa nacheka peke yangu. Nyumba zinashirikiana kuta, wikio limevuka kichochoro limekamata nyumba mbili, mtaa mzima ni nyumba moja ya mita mia. Ingekuwa juu ya ukingo wa paneli zidaka zote zingefunguka kama vinywa. Tuna bahati moja tu, wazee walijenga kwa chokaa, na chokaa husogea kidogo kabla ya kupasuka. Saruji haijui kusogea.

Bint Shela (Lamu), Jumamosi saa 1:15 asubuhi

Nimeamka nikausoma uzi wote na chai. Nyinyi wanaume mwahesabu nyufa tu. Mwasema kushuka sawasawa hakuna neno. Maji je? Hapa Shela tukishushwa mita 1.8, bahari i sebuleni, na yale maji matamu ya chini ya vilima vya mchanga ndiyo kwaheri. Kitui hakuna bahari, lakini kuna mito ya msimu. Mto ukipata bonde jipya utapita wapi? Na kisima?

Mpima wa Mkunguni, saa 2:05

Bint Shela umenishika, nakubali. Nilisema kushuka peke yake hakuvunji nyumba, ningeongeza: pakiwa na maji juu au chini, kushuka peke yake kunatosha kuharibu maisha.

Mfano mkubwa ni Ruhr, Ujerumani. Wamechimba huko vizazi na vizazi, na kuna sehemu za mji wa Essen zilizoshuka zaidi ya mita 20. Mgodi wao wa mwisho wa makaa magumu, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, lakini pampu hazikufungwa. Zikizimwa, maeneo yenye watu yanageuka ziwa. Wamekiri wenyewe kwamba gharama hizo ni za milele, na wakaweka mfuko wa pesa kwa ajili yake.

Na kisima, ndiyo. Juu ya sehemu iliyoporomoka miamba inapasuka, na maji ya kisima kifupi yanaweza kupata njia ya kushuka. Wakati mwingine yanarudi baada ya muda, wakati mwingine la. Mwambie baba mkwe apime kimo cha maji ya kisima kuanzia sasa, kiangazi na masika. Kamba na jiwe vinatosha.

Kijana wa Mambrui, saa 3:20

Mimi nasomea uhandisi. Siku hizi si kuna programu za kompyuta? Hizi hesabu za 1966 za nini?

Mpima wa Mkunguni, saa 4:10

Zipo, nimezitumia. Nyingi zimesimama juu ya wazo la Mpolandi mmoja, Stanisław Knothe, la miaka ya 1950. Kila kipande cha makaa unachotoa kinatuma juu kishimo kidogo chenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Vijumlishe vishimo vyote vya paneli, unapata bonde zima. Uzuri wake ni kwamba paneli si lazima iwe mstatili, na unaweza kuuliza nukta yoyote, hata kizingiti cha mlango wa mtu. Wachina nao wana njia yao ya mwaka 1965, ya Liu Baochen na Liao Guohua, inayofanana nayo sana, ndiyo wanayoitumia mpaka leo.

Lakini kengele hiyo upana wake ni nini? Programu haijui, wewe ndiye unayeiambia. Poland ya kusini wanagawa kina kwa namba iliyo karibu na 2, kwa hiyo mgodi wa mita 200 unapata kengele ya nusu upana wa mita 100. Na ule mgao wa kushuka, Uingereza 0.9, lakini Marekani, kwenye milima ya Appalachia yenye mawe magumu juu ya makaa, mara nyingi huwa kati ya 0.4 na 0.7. New South Wales, Australia, hawatumii nyuzi 35, hutumia 26.5, yaani athari hufika nusu ya kina. Ukichukua namba za Uingereza ukazipeleka Australia utawatisha watu bure. Ukifanya kinyume utawalaza usingizi.

Ndiyo maana kila mtu akikuletea ramani yenye rangi nzuri, muulize: namba hizi umezipata wapi? Mui hakujachimbwa paneli hata moja. Namba za Mui hazipo duniani. Zitapatikana siku paneli ya kwanza itakapopita na mtu akapima juu yake. Kwa hiyo mimi ningekuwa mzee, ningedai paneli ya kwanza iwekwe mbali na watu, ipimwe, kisha ndipo wazungumze habari ya kupita chini ya nyumba. Hilo ni jambo la kawaida kwenye kazi hii, si ukorofi.

Nahodha Mstaafu, saa 4:25

Yakhe, kumbe wapimaji nao huotea kama sisi na upepo.

Mpima wa Mkunguni, saa 4:31

Twaotea, nahodha, lakini tukishavuka mara moja twajua mkondo.

Kijana wa Mambrui, saa 4:50

Na setilaiti? Nimesoma kwamba rada inaona milimita.

Mpima wa Mkunguni, saa 5:15

Inaona. Sentinel-1 ya Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2014, hurudi juu ya pale pale kila siku 12 na data ni bure. Inalinganisha wimbi lililorudi leo na la siku 12 nyuma. Wimbi lenyewe ni kama sentimita 5.5, na kila nusu yake ardhi ikisogea unaona mzunguko mmoja wa rangi. Kwa mji unaotitia polepole ni nzuri ajabu. Shida mbili: kichaka kinachotikisika kinaivuruga, na Kitui ni kichaka, na ardhi ikishuka mita kwa miezi michache, mizunguko inasongamana mpaka rada inapoteza hesabu. Kwa ukuta mrefu, kigingi na levo bado ni mfalme. Rada ni ya kuangalia pembezoni, kule ambako wachimbaji watasema "hatukufika".

Fundi wa Barani, saa 8:05 mchana

Nimetoka saiti nikasoma yote. Mpima, ulisema kuna aina ya pili. Vyumba na nguzo. Hiyo ni afadhali, au siyo? Wanaacha nguzo.

Mpima wa Mkunguni, saa 9:40

Hapo wanatoa makaa vyumba vyumba, na kati yake wanaacha nguzo za makaa yenyewe zishike paa. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, maana wachimbaji wakija kijijini watasema kama ulivyosema: "Sisi tunaacha nguzo, hakuna kitakachoshuka." Na kwa miaka mingi watakuwa wanasema kweli.

Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo zilianza kuvunjika, moja ikaitwika ya pili mzigo wake, ya pili ikaitwika ya tatu, na eneo kubwa likaanguka kwa pamoja. Zaidi ya watu 430 walibaki chini. Hawakutolewa. Baada ya hapo ndipo watafiti wawili, Salamon na Munro, walipokaa na kesi 125 za nguzo, 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa hesabu tuliyoitumia sisi kila siku.

Fundi, hii utaipenda, ni ya ujenzi. Nguzo ya mraba mita 12, njia kati ya nguzo mita 6, kimo mita 3, kina mita 100. Kila nguzo inabeba paa lake na nusu ya njia zilizoizunguka. Mzigo unatoka kama megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 5.6, nguvu ya nguzo karibu 10.9. Nguvu kwa mzigo ni 1.9. Wao walipendekeza 1.6, kwa hiyo hapo unalala.

Sasa mgodi unakaribia kuisha, bei ya makaa imepanda, meneja anasema tunyoeni nguzo mita moja na nusu tu kila upande. Nguzo inabaki mita 9, njia inakuwa 9. Watu husema tumepunguza robo. Piga hesabu: mzigo unapanda hadi 10, nguvu inashuka hadi 9.6. Uwiano 0.96. Robo ya upana imekula nusu ya usalama.

Na haianguki siku hiyo. Huenda ikakaa miaka ishirini, arubaini, makaa yanameguka pembeni kidogo kidogo, maji yanaingia, halafu Alhamisi moja shimo linafunguka shambani kwa mjukuu wa mtu, na kampuni haipo tena hata jina. Ukuta mrefu unaharibu ukiwa unaona, na sehemu kubwa ya kushuka inakwisha ndani ya wiki au miezi baada ya mashine kupita, mabaki kidogo mwaka au zaidi. Kuna mtu wa kumdai. Nguzo zinakupa amani, na deni anarithi asiyejua. Mimi kwa nyumba yangu nisingejua nichague ipi, nasema kweli.

Mzee wa Marafa, saa 9:58

Basi bora maziwa.

Bint Shela, saa 10:20 jioni

Mpima, na kina? Wakisema "tuko chini sana, hutasikia kitu", ni kweli?

Mpima wa Mkunguni, saa 10:45

Nusu kweli. Rudi kwenye ule mfano, peleka makaa mita 400 chini na paneli iwe pana kulingana. Kushuka katikati ni kule kule, 1.8. Lakini mvuto unagawanywa kwa kina, kwa hiyo unakuwa nusu, milimita 3 kwa mita. Hapo hapo bonde limeenea mita 280 nje badala ya 140. Mgodi wa karibu unaumiza sana watu wachache, mgodi wa mbali unaumiza kidogo watu wengi. Na wengi walioumia kidogo ndio wasiolipwa, kila mmoja anaambiwa ufa wake ni wa fundi mbovu.

Fundi wa Barani, saa 11:30

Hapo umenigusa. Ndilo neno la kwanza mtu huambiwa: fundi mbovu.

Sasa nipe la kufanya. Nasafiri Alhamisi. Sina mashine, nina pima maji, timazi, uzi na mpira wa maji.

Mpima wa Mkunguni, saa 1:10 usiku

Una vya kutosha. Piga picha kila ukuta ndani na nje, na kila ufa ulioko sasa uuandikie tarehe kwa penseli kwenye miisho yake yote miwili, tena uweke sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Ufa wa zamani usipouandika leo, kesho utapewa wewe au utanyimwa, kutegemea nani anazungumza.

Kisha kimo. Chagua alama moja isiyohama, mbali na nyumba, jiwe la asili lililochomoza ni bora kuliko mti. Kutoka hapo hamisha kimo kwa mpira wa maji mpaka kwenye msingi, pembe zote nne, weka msumari wa zege na rangi nyekundu. Andika kwa milimita. Rudia mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita tano, tena. Kisha pima kwa utepe pembe hadi pembe, na mshazari zote mbili. Mshazari ndio utakaoonyesha mvuto kabla jicho halijaona. Karatasi hiyo itiwe sahihi na chifu, nakala tatu.

Ikiwa mzee bado hajajenga ile nyumba kubwa anayoitaka, mwambie ajenge mbili fupi.

Fundi wa Barani, saa 1:25

Ndiyo hiyo hiyo anaitaka, ya vyumba sita mstari mmoja! Nitamwambiaje mzee apunguze nyumba na mimi ndiye mkwe?

Bint Shela, saa 1:31

Mtume mkeo.

Fundi wa Barani, saa 1:33

Haya, hilo limepita. Mpima la mwisho: jiwe la asili liko kama mita 60 kutoka nyumbani, upande wa kilima. Mpira wangu ni wa mita 20.

Mpima wa Mkunguni, saa 1:50

Hatua tatu basi, kila hatua kigingi katikati. Ila kumbuka zile mita 140: wakichimba, jiwe hilo nalo laweza kushuka, kwa hiyo tafuta na la pili mbali zaidi. Jaza maji asubuhi kabla jua halijawa kali, jua likipiga upande mmoja wa mpira vimo vinadanganya. Toa mapovu yote, moja tu likibaki umepima povu. Na tia rangi kidogo kwenye maji, ile ya sharubati inatosha, mzee aone mwenyewe kimo.

Fundi wa Barani, saa 1:52

Nyekundu ninayo. Alhamisi usiku naleta namba hapa hapa.